Ni Vumbi Tu

Maswali yalikuwa matatu, na la tatu ndilo alilokuwa akiliogopa tangu alfajiri.

"Uko unakohoa, mama?" aliuliza Papa Philippe, mlinzi wa lango.

"Hapana."

"Kwako kuko mugonjwa?"

"Hapana."

"Ulitoka ku kilio?"

Mama Émérence alikuwa na mguu mmoja ndani ya beseni la maji ya klorini, mguu mwingine nje. Jana yake tu, Jumapili, alikuwa ameshuka kwenye pikipiki kutoka Kakanda, sauti imekwisha, macho yamevimba, baada ya siku tatu za kumlilia Germaine, dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni tangu hajajua kutembea.

"Hapana," alisema. "Nilienda tu kuona mutoto wangu Princesse kule Kakanda. Hakuna kintu."

Philippe huvaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, na mdomo wake haujui likizo. Aliweka alama tatu kwenye daftari lake, akafungua lango. "Ingia, mama ya Makala. Bwana yako mudogo anapiga kelele tangu saa kumi na mbili!"

Akaingia. Sasa msianze kumhukumu, ngojeni kwanza. Wapo watu hapa Kikula, mtaani kwetu, wanaosimulia habari hii kama vile wao hawajawahi kumdanganya hata paka, na mimi nikiwasikia nachoka kabisa.

Kituo hicho cha kulea wanyama kiko nje kidogo ya Likasi, upande wa Kakontwe, pale vumbi la chokaa linapoanza kupaka miti rangi ya unga. Wanyama wanaoletwa pale ni wale walionaswa mikononi mwa wachuuzi: kasuku waliokatwa mabawa, tumbili waliofungwa kamba kiunoni mpaka kamba ikazama kwenye nyama, na sokwe watoto watano ambao mama zao waliuawa mbali huko kaskazini. Sokwe mtoto anaugua magonjwa yetu yale yale. Tofauti ni kwamba mafua yanayokulaza wewe siku mbili, yeye yanamzika. Ndiyo maana Dokta Symphorien, daktari wa wanyama, aliweka yale maswali matatu, na sharti juu yake: aliyetoka kilio anakaa nyumbani siku kumi na nne, hata akijiona mzima kama nyundo.

Symphorien ni mtoto wa Likasi, hakuhitaji kuelezwa kilio, yaani matanga, ni nini. Anajua kwamba kwetu mfiwa haachwi peke yake. Wanawake wanalala kwenye mikeka, chumba kimoja, bega kwa bega. Wanapangusana machozi kwa kitenge kimoja. Kopo la maji linazunguka mdomo kwa mdomo, na kila anayeingia lazima ashike mikono ya watu wote, asiruke hata mmoja, la sivyo atasemwa mwaka mzima. Dokta alikuwa ameandika neno KILIO ukutani kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama kichwa cha mtu, na Mama Émérence alipita chini yake asubuhi ile akiangalia miguu yake.

Aliwezaje? Ili kuelewa, lazima umjue Makala.

Mama Émérence alikuwa muuza samaki wakavu soko la Kikula kwa miaka kumi na tisa. Samaki, na nyama ya pori ikipatikana. Katika ile nyama iliyokaushwa kwa moshi kulikuwa na mikono ya kima mara kwa mara, naye alikuwa akiigeuza, kiganja chini, ili wateja wasiulize maswali ya kijinga. Hakuwa na ubaya na kima. Aliogopa wale walio hai tu, aliwaogopa vibaya sana. Kisha mume wake Bertin akafa, watoto wakaolewa na kuondoka, nyumba ikawa kimya mpaka akawa anasikia maji yakichemka chumba cha pili. Siku moja padri akatangaza baada ya misa kwamba kituo kinatafuta akina mama wenye subira, bila mshahara, chakula cha mchana na sabuni tu. Alikwenda ili asibaki na ule ukimya. Ndiyo hivyo, hakuna sababu nyingine nzuri zaidi.

Siku ya kwanza alitaka kukimbia. Dokta alimletea kitu cheusi kilichokuwa kikitetemeka, kimepatikana kwenye lori, ndani ya gunia la makala, yaani mkaa, kikiwa na masizi mpaka kwenye kope. Kabla hajasema hapana, kile kitu kilimrukia shingoni. Akafumba macho. Akasema Salamu Maria yote, akaifikisha mwisho, akafumbua jicho moja, na kitu cha kwanza alichokiona ni mkono. Kiganja juu. Kina mistari kama cha kwake.

"Ee Mungu wangu," alisema, akaanza kulia, na wenzake wakadhani ameumwa.

Sokwe yule mdogo akapewa jina la gunia lake, na tangu siku hiyo yeye alikuwa mama ya Makala. Kila mama pale ana kitambaa chake, pagne ambayo haitoki nje ya kituo na haifuliwi kwa sabuni ya manukato, ili mtoto ajue harufu. Ya Mama Émérence ilikuwa ya bluu yenye ndege wa manjano. Makala alifungwa nayo mgongoni, alilalia juu yake, na akinyonya chupa yake ya maziwa, ile wanayoiita biberon, alipeleka vidole juu polepole, akitafuta sikio la mama yake. Akilipata, analishika. Bila sikio, hanywi.

Na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mwezi wa tano Mama Émérence alivimba mguu, akakaa nyumbani siku mbili. Aliporudi, alimkuta Makala macho yameingia ndani, meno ameyauma, biberon imejaa kando yake. Makala alipomwona, alilia kwa sauti ambayo yule mama hajawahi kuisahau. Siku hiyo alijiapia: sitakuacha tena, hata siku moja. Kama siku mbili zilimfanya vile, siku kumi na nne zingefanya nini? Hesabu yake ilikuwa hiyo. Tayari alikuwa amekosekana kituoni siku nne akiwa Kakanda, kila siku akimlilia Germaine kwa jicho moja na Makala kwa jicho la pili. Nisipokuwepo atakufa kwa njaa, alijiambia. Nikiwepo, labda hatakufa kwa chochote.

Labda. Lilikuwa neno dogo mno la kuwekea rehani roho ya mtoto.

Maana kulikuwa na jambo lingine la huko Kakanda, nalo halikumpa usingizi. Usiku wa pili wa kilio alikuwa amelaliwa kifuani na kajukuu ka Germaine, kasichana ka miaka mitatu, pua inatiririka, kifua kinakoroma kama sufuria ya bukari, ugali wa kwetu, jikoni. Nani angekasukuma? Bibi yake yuko kwenye sanduku chumba cha pili. Mama Émérence alikapangusa kamasi kwa mkono wake, akakakumbatia mpaka asubuhi.

Jumatatu ilipita. Makala alimng'ang'ania shingoni kutwa nzima, akanywa chupa nne, na Mama Émérence akafunga kitambaa mdomoni kama wanavyotakiwa, akakikaza mara mbili. Jumanne ilipita. Kila saa alikuwa akimeza mate kuangalia koo lake. Linawasha? Haliwashi. Sasa je? Alihisi joto usoni akaenda kujishika paji la uso kisirisiri nyuma ya banda la kuku. Alikuwa na hofu ya kila aina mwanamke yule: hofu ya Philippe na daftari lake, hofu ya simu ya Princesse isije ikalia mbele ya watu na sauti ya msiba ndani yake, hofu ya kope za Makala zikichelewa kufunguka. Chakula cha mchana kilimshinda kumeza. Julie, mama mwingine wa pale, kijana mwenye watoto watatu nyumbani na kicheko cha kufika barabarani, alimsogezea sahani.

"Kula, mama. Ulikonda. Kule Kakanda hakuna bukari?"

"Iko. Sina njaa tu."

Julie ndiye aliyekuwa akichemsha maji na kukoroga maziwa ya sokwe wote watano. Mkumbukeni huyo Julie.

Alhamisi asubuhi Mama Émérence aliamka na kikohozi.

Kilikuwa kidogo, kikavu, cha kubisha hodi. Alikaa kitandani akakisikiliza. Ni msimu wa kiangazi, alijiambia, mwezi wa saba Likasi yote inakohoa, malori ya mawe yanapita, nani hakohoi? Alikunywa maji ya moto yenye chumvi. Langoni Philippe aliuliza swali la kwanza, na wakati huo huo kifua kikamsaliti: kho.

"Mama?"

"Ni vumbi tu," alisema.

Akasimama palepale kwenye beseni, baridi imempanda kutoka kwenye nyayo, na si ya maji. Maneno yale aliyajua. Hayakuwa yake, yalikuwa ya Bertin. Bertin alivunja mawe maisha yake yote, na kwa miaka miwili alikohoa mezani, kitandani na kanisani, na kila alipoulizwa alijibu hivyohivyo, "Ni vumbi tu, mama," kumbe ni kifua kikuu na alikuwa anajua, alikuwa ameambiwa, akaficha ili asiondolewe kazini. Siku ya kumzika, Mama Émérence alipiga sanduku kwa kofi mbele ya watu wote akapiga kelele, "Ungesema! Si ungesema tu!" Watu walimshika. Mpaka leo akina mama wa Kikula wanalitaja kofi lile.

Philippe aliyaangalia malori yakipita, akavua na kuiangalia kofia yake iliyojaa unga mweupe, akacheka. "Vumbi itatumaliza wote." Akaweka alama.

Ijumaa Makala hakumpokea kwa kelele.

Alikuwa amejikunja pembeni ya chumba cha watoto, wenzake wanne wakimvuta mguu acheze, naye hataki. Mama Émérence alimbeba. Alikuwa wa moto. Joto lake lilipenya pagne likamfikia kwenye mbavu. Alimpa biberon, akanywa funda mbili akatapika, kisha akaharisha juu ya ndege wa manjano. Vidole vilianza safari ya kwenda sikioni vikaishia shingoni, vikaanguka.

"Docteur!" alipiga kelele. "Docteur, kuya!"

Dokta Symphorien alikuja mbio. Ni mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na akiogopa sauti inazidi kushuka. Alimpima homa, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, akambonyeza tumbo. Kisha aliwakusanya wote uani, Julie, Mama Émérence, Philippe, na kijana Cédrick wa jikoni.

"Musikilize muzuri," alisema. "Makala iko na homa kubwa. Hakohoi, lakini hiyo haisemi kintu, inaweza kuanza na tumbo. Kama ni tumbo tu, nikimutenga na benzake anaweza kuachilia roho, munajua vile iko. Kama ni kifua, nikimuacha humu nitapoteza wote tano. Na dawa haina moja, kila ugonjwa na yake. Nitachagua leo, sasa. Basi naulizia mara ya mwisho. Nani alikuwa mugonjwa? Nani alitoka ku kilio?"

Kuku wa Philippe alikuwa akiparua chini ya gari. Mama Émérence alifungua mdomo ndani ya kitambaa chake. Akaufunga tena. Aliona lango likifungwa, aliona nyumba yake ya Kikula na maji yakichemka chumba cha pili, aliona Makala akiuma meno.

"Hakuna," alisema Philippe. "Minye nauliza kila siku. Daftari iko safi."

Dokta aliangalia chini. "Basi ni tumbo. Na kama ni tumbo, ni maji." Akamgeukia Julie. "Julie, maji ya biberon jana. Ulichemusha?"

"Nilichemusha, docteur."

"Dakika ngapi?"

"Vile siku zote. Mpaka inaruka."

"Makala yalikwisha jana," Cédrick alidakia, na safari hii alimaanisha mkaa wa mbabula, jiko la kuchemshia maji. "Mbabula ilizimika. Niliona."

"Iliwaka tena!" Sauti ya Julie ilipanda. "Niliwasha tena na karatasi! Docteur, ku jina ya batoto yangu, nilichemusha!"

"Njoo unionyeshe," alisema Dokta, na hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wakaingia jikoni. Mama Émérence alibaki uani na Makala mgongoni, akasikia vifuniko vikifunguliwa, chupa zikinuswa moja moja, na Julie, yule wa kicheko cha kufika barabarani, akilia kama mtoto aliyepigwa kwa kosa la mwenzake.

Alikwenda mpaka kwenye mlango wa bafu akarudi. Akaenda tena. Nitasema Jumatatu, alijiambia, mtoto akipata nafuu. Nitamwambia Julie peke yake. Nitamwambia padri. Kifua kikamkaba, akakohoa ndani ya kitambaa, mara moja, mbili, na mgongoni akasikia Makala akishtuka kwa kila kikohozi, mwili mdogo ule ukirushwa na mwili wake.

Kisha Makala naye akakohoa. Kilikuwa kidogo, kikavu, cha kubisha hodi.

Si ungesema tu.

Alifungua pagne, akamlaza Makala kwenye kikapu kivulini, akaenda akasimama mlango wa jikoni. Hakuvuka kizingiti.

"Docteur, haina maji," alisema. "Ni minye."

Wakamgeukia wote wawili.

"Nilitoka ku kilio. Yaya wangu Germaine, dada mukubwa, alikufa. Nililala kule siku tatu, mutoto mwenye kukohoa alinilalia hapa." Alijipiga kifuani. "Tangu jana nakohoa. Nilisema ni vumbi. Makala naye amekohoa sasa hivi, nimemusikia. Haina Julie. Muache Julie."

Nilitegemea kuwaambia kwamba Dokta alimshika bega. Hakumshika. Alitupa taulo chini, akasema neno la Kifaransa ambalo sitalirudia, kisha akaanza kukimbia. "Cédrick, chumba cha nyuma! Toa kila kitu! Julie, maski, gloves! Mama, mutoto alikuwa na homa? Alikohoa kavu ao na makohozi? Siku gani? Sema haraka!" Alijibu yote, maneno yakigongana. Dakika tano hazikuisha, Makala alikuwa amekwishatolewa, sindano ya kifua imekwishaingia pajani, na wale wanne wamefungiwa upande mwingine wa uwanja.

"Sasa toka inje, mama," Dokta alisema. "Usiguse kintu."

"Nitatoka. Lakini docteur, pardon, atanywa na nani? Munajua hanywi na mutu mwingine! Atakufa na njaa. Ni juu ya ile tu nilidanganya, ni ile tu, nilimuona mwezi wa tano..."

"Alikunywa na minye," alisema Julie.

Julie alikuwa ameegemea ukuta, maski mkononi, machozi hayajakauka.

"Ile mwezi wa tano. Siku ya pili saa kumi nilivaa pagne yako, nikanyamaza, nikamupa sikio. Alikunywa nusu chupa. Kesho yake angekunywa yote. Lakini kesho yake ulirudi, ulilia sana kuona alikungoja weye. Nikasema, acha, nisimuvunje moyo. Sikukuambia. Na hizi siku nne za Kakanda nilifanya vilevile."

Mama Émérence alishika mwimo wa mlango.

"Ungesema unatoka ku kilio, mama, ningevaa pagne Jumatatu. Ile njo kazi yetu." Kisha Julie alivaa maski, na juu ya maski macho yakawa magumu. "Ulikuwa unasikia ile docteur aliniulizia maji. Ulisimama pale. Ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia," alisema Mama Émérence.

"Batoto yangu batatu bananingoja leo jioni, na minye nitalala humu na mutoto yako mpaka apone ao afe. Lete pagne."

Akavua pagne ya bluu, ikiwa na matapishi na kila kitu, akaiweka kizingitini. Akatoka na shimizi yake tu na kanga ya Philippe, ambayo Philippe alimtupia kutoka mbali bila neno hata moja. Mzee yule! Bila neno.

Siku zilizofuata alikuwa mgonjwa kwelikweli, homa ilimtupa kitandani siku tatu, na alipolala aliona mikono iliyokaushwa kwa moshi ikigeuka yenyewe, kiganja juu. Siku ya nne alijikokota mpaka kituoni, akaketi kwenye jiwe ng'ambo ya barabara, kitambaa mdomoni. Hakuomba kuingia. Philippe alitoka langoni akapiga kelele kwa sababu ya umbali.

"Angali anapumua! Usiku alikuwa mubaya sana!"

Siku ya tano: "Amekataa chupa ya asubui!" Mama Émérence alijishika kichwa akabaki hivyo mpaka mchana. Siku ya sita: "Amekunywa kidogo! Bale banne bako bazima!" Siku ya saba Philippe alivuka barabara nusu, akasimama katikati, malori yakimpigia honi pande zote, akasema kwa sauti ya kawaida, "Homa imeshuka, mama. Docteur anasema atapona." Mama Émérence alitaka kupiga magoti lakini yalikuwa yamekufa ganzi kwenye jiwe, ikabidi abaki ameketi na kulia hivyohivyo, na Philippe akarudi kupigiwa honi upya.

Siku ya tisa Dokta alimwita. Alimruhusu apite kwa mlango wa nyuma, akasimame ndani ya jikoni, ambako sasa hakuchemshwi chupa, kwenye dirisha la wavu, asisogee mbele ya hapo. "Dakika tano," alisema. "Asikuone. Anakunywa muzuri sasa, sipendi avurugike."

Alisogea dirishani polepole. Uani kwenye jua alikuwa ameketi Julie, amekonda, maski usoni, na pagne ya bluu yenye ndege wa manjano imemzunguka. Makala alikuwa mapajani mwake, mbavu zinaonekana, kichwa kimekuwa kikubwa kuliko mwili. Julie alimpa biberon. Vidole vikaanza kupanda, polepole, juu ya kifua, juu ya shingo, vikipapasa, vikapumzika kidogo, vikapanda tena. Vikalipata sikio la Julie. Vikalishika.

Mama Émérence aliinua mkono akagusa sikio lake mwenyewe. Iliuma, niseme nini. Iliuma kuliko kaburi la Germaine, na alikuwa na furaha wakati huohuo, na vitu hivyo viwili havikutaka kukaa pamoja ndani ya kifua kile kibovu.

Ndipo kikohozi kikaja.

Alikibana. Kikatoka kipande tu, kho, kidogo kama cha kuku. Lakini Makala alikuwa amelala juu ya kikohozi kile siku mbili nzima. Aliachia chupa. Aliinua kichwa, akageuka upande wa jikoni, midomo imechomoza mbele, na akaita, huu, huu. Mkono ukaachia sikio. Julie aligutuka akaangalia dirishani, na macho yake hayakuwa magumu tena, yalikuwa yanaomba.

Mama Émérence alichuchumaa chini ya dirisha. Alijaza ncha ya kilemba mdomoni, akauma, akabana pua kwa vidole. Kifua kilimpiga kutoka ndani kama mtu aliyefungiwa. Machozi yalimtoka, masikio yakavuma. Makala aliita tena. Hakujibiwa, akaita mara ya tatu, chini zaidi. Mama yake alikuwa pale, hatua ishirini, uso umebadilika rangi, na hakutoa pumzi.

"Kunywa, papa," ilisikika sauti ya Julie. "Kunywa. Niko hapa."

Kisha ile sauti ndogo ya kunyonya ikaanza tena, moja, mbili, ikashika mwendo.

Alitoka kwa kutambaa, akapita mlango wa nyuma, akapita kwa Philippe aliyeuliza kwa macho tu kama ameonekana, naye akatikisa kichwa, kilemba bado mdomoni. Akavuka barabara. Akalipita jiwe lake. Alitembea mpaka kwenye kona malori yanapogeukia, mahali ambapo hata ukipiga kelele kituoni hawasikii, na hapo akatoa kilemba, akashika mti mweupe kwa chokaa, akakohoa. Alikohoa mpaka akainama, akalia, akakohoa tena.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na bakuli la sombe, kisamvu cha kwetu, kichwani alisimama, akamwangalia kwa huruma.

"Pole, mama. Ni vumbi?"

"Hapana," alisema Mama Émérence, akarudi nyuma hatua tatu ili asimfikie. "Haina vumbi. Pita mbali, mama. Niko nakohoa."